Kidonda kidogo usoni: usipoziba ufa utajenga ukuta

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma gazeti hili nyumbani,

Ukurasa huu umezoea kuwapa habari za kaski, viatu, mashine na vumbi. Leo tunawaomba mfanye jambo moja kabla ya kusoma zaidi. Chukueni kioo, simameni mlangoni penye mwanga, mjitazame uso: paji, pua, mdomo wa chini, pembe za macho, masikio mbele na nyuma, kisha shingo. Mkimaliza, mtazame mtoto na mzee wa nyumba.

Kama mmeona kidonda kilichokaa wiki 4 bila kupona, maneno haya ni yenu hasa. Kama hamkuona kitu, someni hata hivyo, maana jirani yenu anaweza kuwa nacho naye anakificha kwa kitambaa.

Tunajua kwa nini watu hukificha. Wanasema, "Wakinikata pua, nitabaki na nini?" Hofu hiyo hatuicheki. Uso ndio mtu anaotambuliwa nao kazini, sokoni, msikitini na kanisani. Lakini hofu hiyo humweka mgonjwa nyumbani mpaka jambo lile lile aliloliogopa linamfikia bila kisu cha daktari: saratani, ile ambayo wengi huiita kansere, inamla pua yenyewe.

Maoni yetu ni mawili. Kwanza, anayekwenda mapema hukatwa kidogo, na ngozi iliyo jirani na kidonda hutosha kuliziba pengo. Pili, kuuziba uso baada ya kukata si urembo wa matajiri. Ni nusu ya pili ya matibabu, na sisi sote, kampuni, wafanyakazi na jamaa, tunapaswa kuhakikisha mgonjwa anaipata.

JUA LETU NA NGOZI YETU

Kasongo na Kabambare ziko karibu digrii 4 na nusu kusini mwa ikweta. Jua la hapa hupita utosini mara mbili kila mwaka, na katika miezi mingine haliko mbali. Pamoja na mwanga na joto, jua huleta miale isiyoonekana kwa macho. Miale hiyo huharibu ngozi polepole, mwaka baada ya mwaka, bila maumivu.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa hesabu yao. Walisema kwamba mwaka 2019 watu bilioni 1.6 wenye umri wa kufanya kazi walikuwa wakikutana na miale hiyo kazini, na kwamba karibu watu 19,000 walikufa mwaka huo kwa saratani ya ngozi iliyotokana na kazi za juani. Hapo hawakuhesabu ile saratani nyeusi iitwayo melanoma. Kwa hiyo jua ni hatari ya kazi kama vile jiwe linaloanguka, ila lenyewe halina mlio.

Sisi watu weusi tumezaliwa na kofia ya kwanza: rangi ya ngozi yetu. Hiyo hutukinga sana, na ndiyo sababu saratani ya ngozi si nyingi kwetu kama ilivyo kwa watu weupe. Lakini haikosekani. Kwetu huingia kwa milango inayojulikana.

Mlango wa kwanza ni ualbino. Mtu mwenye ualbino amezaliwa bila rangi ile ya kumkinga, au akiwa nayo kidogo mno. Jambo hili hurithiwa kwa baba na kwa mama, wote wawili, hata kama wao wenyewe ni weusi kabisa. Si laana, na mama hana kosa. Kwa watu hawa saratani huanza mapema, wengine wakiwa bado vijana, na hupenda usoni, masikioni, midomoni na shingoni.

Mlango wa pili ni makovu ya moto na vidonda vya zamani. Mtoto ameangukia jikoni, au kijana amelipukiwa na petroli. Amepona, amebaki na kovu la shavuni au la mguuni. Baada ya miaka mingi, mara nyingi 20 au 30, kovu linapasuka, linatoa kidonda ambacho hakifungi. Kidonda cha namna hii kinaitwa kwa jina la Jean-Nicolas Marjolin, daktari Mfaransa aliyeandika habari zake mwaka 1828. Kwa watu weusi huu ni mmoja wa milango mikubwa kabisa, nao hupita mara nyingi kwenye miguu. Basi mkitazama uso msisahau miguu na nyayo.

Mlango wa tatu ni vitu vya kazi. Tangu mwaka 1775 Percivall Pott, daktari wa London, alionyesha kwamba masizi huleta saratani ya ngozi kwa wasafisha dohani. Leo tunajua kwamba mafuta machafu ya injini yanaweza kufanya vivyo hivyo kwa mtu anayeishi nayo mwilini, na kwamba arseniki, ambayo mahali pengine hukaa pamoja na mawe ya dhahabu, huharibu ngozi ya anayeinywa katika maji kwa miaka mingi. Fundi wa gereji, usijifute uso kwa kitambaa cha mafuta.

KIDONDA CHA KUTILIWA SHAKA

Si kila kipele ni saratani. Vipele vingi si kitu. Kitilie shaka kidonda ambacho kinatoa damu kwa kuguswa kidogo, kinafunga gamba, gamba linaanguka, kinarudi pale pale. Kitilie shaka kinundu kinachong'aa ambacho kinakua polepole na kupasuka katikati. Kitilie shaka ngozi ngumu kama pembe juu ya sikio au mdomo wa chini, na kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho. Kitilie shaka kovu la zamani lililoamka. Na usingoje maumivu, kwa sababu mwanzoni mara nyingi hakiumi. Hapo ndipo watu hudanganyika.

Aina moja ya saratani hii huchimba pale ilipo, na ni mara chache sana kwenda mbali. Aina nyingine huchimba, kisha inaweza kusafiri mpaka kwenye matezi ya shingo na ndani ya mwili. Kwa macho tu huwezi kuzitenganisha vizuri. Ndiyo sababu daktari huchukua kipande kidogo cha nyama kukipeleka kwenye maabara.

TUSEME KUNA BINTI MMOJA

Tuseme mfanyakazi mwenzetu ana binti wa miaka 22 mwenye ualbino, anauza mihogo sokoni. Ubavuni mwa pua ametokwa na kidonda kama punje ya mhindi, sentimita 1. Bibi anatia majivu ya dawa. Shangazi anatia unga wa betri. Kidonda kinakauka juu, kinaendelea chini. Siku moja baba anampeleka kwenye kituo cha afya.

"Infirmie," anauliza baba, "mkimkata binti yangu pua, nani atamwoa?"

"Baba, leo tukikata, pengo halizidi upana wa ukucha wa kidole gumba. Litazibwa kwa ngozi ya hapo hapo karibu na pua. Atabaki na alama. Lakini ukirudi naye baada ya mwaka, usiniulize habari za ndoa, utaniuliza habari za jicho."

Infirmie huyo hakumtisha bure. Hesabu iko wazi. Daktari hakati kidonda peke yake. Hukata pia ukingo wa ngozi nzima kukizunguka, kwa sababu saratani ina mizizi isiyoonekana. Kwa kidonda kidogo ukingo huo huwa kama milimita 4 kila upande. Sentimita 1 ya kidonda, jumlisha milimita 4 huku na milimita 4 kule: pengo la karibu sentimita 2.

Sasa tuseme baba aliogopa akarudi nyumbani, na kidonda kimefika sentimita 4. Kidonda kikubwa kinataka ukingo mkubwa, milimita 6 au zaidi. Sasa pengo linapita sentimita 5. Usoni, sentimita 5 ni bawa la pua, shavu na kope la chini kwa pamoja. Hapo ngozi ya jirani haitoshi tena bila kazi kubwa, na pengine mfupa umekwisha kuguswa. Binti ni yule yule, na ugonjwa ni ule ule. Tofauti ni siku walizongoja.

NGOZI YA JIRANI

Daktari akisha kukata, afanye nini na shimo? Pengo dogo huweza kushonwa kingo kwa kingo. Likizidi kidogo, ukivuta kwa nguvu kope linafunuka, mdomo unakwenda upande, pua inapinda. Kwa hiyo kuna njia mbili.

Njia ya kwanza ni ile ya mhogo. Unakata kipande cha shina, unakipeleka shamba lingine, unakipanda. Kimeachana kabisa na mama yake, kitaishi kama udongo mpya utakilisha. Ndivyo daktari anavyofanya akichukua ngozi nyembamba ya paja au ya nyuma ya sikio na kuiweka juu ya kidonda. Waganga wetu huiita kwa Kifaransa chao grefu. Ni njia nzuri, lakini usoni ngozi hiyo mara nyingi huwa na rangi tofauti, huwa nyembamba, tena hunywea. Na juu ya mfupa mtupu haishiki.

Njia ya pili ni ile ya kiazi kitamu. Wewe mkulima unajua: kamba ya kiazi hutambaa mpaka kwenye udongo wa pembeni na kutia mizizi hapo, huku bado imeshikamana na shina lake. Inakula kwa mama mpaka izoee mahali papya. Daktari hufanya vivyo hivyo. Huchora kipande cha ngozi kilicho karibu na pengo, hukiinua pamoja na mafuta ya chini yake, lakini huacha upande mmoja bila kuukata. Kwa upande huo damu inaendelea kupita. Kisha hukisogeza, hukizungusha, au hukilaza juu ya pengo na kukishona. Mahali kilipotoka, ngozi iliyolegea huvutwa na kushonwa pia. Hiyo ndiyo wanayoiita lambo. Sisi tuiite ngozi ya jirani.

Faida yake mwaielewa. Ngozi ya shavu inafanana na ngozi ya shavu. Rangi ni moja, unene ni mmoja, na kwa wanaume hata ndevu huendelea kuota. Imekuja na damu yake, kwa hiyo hupona vizuri hata pale ambapo grefu ingekufa. Tena haitaki darubini ya kuunganisha mishipa midogo. Inataka daktari aliyefundishwa vizuri, kisu kikali, uzi mwembamba, usafi, na dawa ya ganzi. Kazi nyingi ndogo za namna hii hufanywa mgonjwa akiwa macho, uso umetiwa ganzi tu.

Kila mahali pana jirani yake. Pengo la shavu huzibwa kwa ngozi ya shavu hilo hilo iliyozungushwa. Kope la chini hupata ngozi ya shavu la kando au ya kope la juu. Ubavu wa pua huchukua katika mkunjo ulio kati ya pua na mdomo, ambapo kovu hujificha ndani ya mkunjo. Mdomo wa chini, likikatwa pembetatu ndogo, hushonwa wenyewe. Likikatwa kubwa, huazima kipande cha mdomo wa juu. Sikio hukatwa pembetatu likafungwa, likabaki dogo kidogo lakini sikio. Na pua ikipotea sehemu kubwa, huazima ngozi ya paji.

Hii ya paji inataka uvumilivu. Daktari huinua ulimi wa ngozi katikati ya paji, huugeuza kuelekea chini na kuushona puani, lakini shina lake hubaki limeshika kati ya nyusi. Kwa muda wa wiki 3 hivi mgonjwa hutembea na daraja la ngozi kati ya paji na pua. Watoto watamshangaa. Ndipo ngozi ikisha kupata damu mpya puani, daktari hukata lile daraja. Nani kati yenu atamcheka mtu wa namna hiyo akikutana naye njiani? Ni kiazi kinachotia mizizi.

MFANYAKAZI WA ZAMANI

Msidhani kazi hii ni uchawi mpya wa Bulaya. Wahindi waliijua kabla ya Wazungu wa leo. Mwaka 1794 gazeti moja la London, The Gentleman's Magazine, liliandika habari za mtu aliyeitwa Cowasjee. Hakuwa mfalme wala tajiri. Alikuwa mwendesha ng'ombe wa mizigo katika jeshi la Waingereza huko India. Alitekwa vitani, akakatwa pua na mkono mmoja. Karibu na mji wa Poona mtu mmoja wa ukoo wa wafinyanga matofali alimtengenezea pua mpya. Alipima umbo kwa nta, akaitandaza nta juu ya paji, akachora kufuata ukingo wake, akainua ngozi na kuigeuza chini.

Daktari wa London, Joseph Carpue, alisoma habari za kazi hiyo, akajifunza, na mwaka 1814 akaifanya mwenyewe. Toka hapo ikaenea. Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918 viliwapa madaktari nyuso nyingi mno za kutengeneza, na ujuzi ukakua. Tunawasimulia haya kwa sababu moja. Njia hii ilikuja duniani kupitia mikono ya mfinyanzi na uso wa mfanyakazi. Asije mtu akatuambia kwamba si ya watu kama sisi.

TUSEME NA UKWELI

Hatutaki kuwauzia ndoto. Uso uliozibwa hautakuwa kama ule wa kuzaliwa. Siku za kwanza utavimba na kutisha. Kovu litabaki, ingawa kwa miezi mingi hulainika. Kwa watu weusi kovu linaweza kuota na kuwa nene, hasa sikioni na kwenye taya. Kama katika jamaa yenu makovu huota hivyo, mwambieni daktari kabla ya kukatwa.

Ngozi ya jirani yaweza kufa ikikosa damu. Adui wake mkubwa ni tumbako, kwa sababu moshi hubana mishipa midogo. Anayevuta aache kabla ya kukatwa, wala asirudie kabla ya kupona. Ngozi ikigeuka bluu au nyeusi, ikiwa baridi, ikivimba haraka au ikinuka, mrudishe mgonjwa siku ile ile, msingoje tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi.

Jambo kubwa kuliko yote ni hili: daktari asizibe kabla ya kujua kwamba saratani imekwisha kutoka. Akifunika mzizi uliobaki, utakua chini ya ngozi nzuri bila kuonekana, kama moto chini ya majivu. Kwa hiyo nyama iliyokatwa inapaswa kwenda maabara. Jibu likichelewa, si aibu kuacha kidonda chini ya bendeji safi kwa siku au wiki kadhaa, kisha kuziba. Mgonjwa, usinung'unike ukiambiwa ungoje. Na wewe jamaa, ukiulizwa fedha za maabara, usione ni hila. Bila jibu hilo daktari anafanya kazi gizani.

Na kwa mwenye ualbino, ngozi ya jirani nayo imepigwa na jua lile lile. Kidonda kingine chaweza kutokea kando, au juu ya ngozi iliyosogezwa. Kwa hiyo kupona si kwaheri. Ni lazima kurudi kutazamwa kila baada ya miezi michache, na kujikinga na jua maisha yote.

NANI AMPELEKE, NANI ALIPE

Katika miaka ya 1970 Kasongo yetu ilipata jina katika vyuo vya uganga vya nchi nyingi. Mradi wa Kasongo, uliosaidiwa na Chuo cha Tiba za Nchi za Joto cha Antwerp, Ubelgiji, ulionyesha jinsi vituo vidogo vya afya vilivyo karibu na watu, vikiwa na hospitali nyuma yao, vinavyoweza kulitunza eneo zima la mashambani. Somo hilo linahusu kidonda cha uso pia. Infirmie wa kituo ndiye mlango. Akikitambua kikiwa punje ya mhindi na kuandika barua siku hiyo, kazi ni ndogo. Akitoa pomada miezi 6, kazi imekwisha kuharibika.

Ng'ambo ya ziwa Tanganyika, nchi ya Tanzania imeonyesha vivyo hivyo. Huko Moshi, penye hospitali ya KCMC, kilifunguliwa mwaka 1992 chuo cha magonjwa ya ngozi cha nchi za kanda hii. Wanafundisha waganga wanaokwenda mpaka vijijini kuwatazama watu wenye ualbino. Doa dogo wanaligandisha kwa baridi kali, kidonda kikubwa wanakipeleka kukatwa na kuzibwa. Huko Moshi hutengenezwa pia mafuta ya kukinga jua, yaitwayo Kilisun, kwa ajili ya watu hao. Tanzania si nchi ya matajiri. Ni utaratibu tu.

Kwetu njia ni ngumu. Mvua ikinyesha, safari ya kutoka Kabambare au Salamabila yaweza kula siku nyingi. Tangu vita vilipoingia Goma na Bukavu mwanzoni mwa mwaka 2025, kumfikisha mgonjwa kwenye hospitali kubwa za Kivu kumekuwa kugumu zaidi. Watu husema, "Basi, tungoje amani." Sisi tunasema kinyume. Kwa sababu njia ni ngumu, ndiyo maana kidonda kikamatwe kikiwa kidogo, wakati ambapo daktari wa hapa karibu anaweza kukimaliza kwa ganzi na ngozi ya jirani. Kinachokua ndicho kinachotaka safari.

Hapa tunaiambia kampuni yetu maneno ya wazi. Wakati wa kupima wafanyakazi kila mwaka, daktari asisikilize kifua tu. Atazame uso, masikio, makovu na nyayo. Mfanyakazi mwenye ualbino apewe kazi ya kivulini bila kupunguziwa mshahara, na kofia pana iwe kwake kifaa cha kazi kama kaski. Na barua ya kumpeleka mgonjwa hospitalini isiishie kwenye kukata. Iandikwe: kukata, maabara, kuziba, na kurudi kutazamwa. Mtu aliyekatwa kope asizibwe, jicho lake halifungi, linakauka, linapofuka. Mtu asiye na mdomo wa chini chakula kinamwagika, mate hayakai. Atarudije kazini? Anayesema kuziba ni urembo, na ajaribu kula ugali huku ameushikilia mdomo wake chini kwa kidole siku moja.

Nanyi ndugu zetu mnaochimba kwa mikono bila kampuni, hamna daktari wa kazi. Lakini mna likelemba. Mnachangia msiba, mnachangia harusi. Wekeni fungu la ugonjwa pia, kabla ya kidonda kufika. Fedha ya kidonda kidogo watu 10 wanaweza kuipata. Ya kidonda kikubwa hata kijiji kitashindwa.

AKIRUDI KAMBINI

Siku moja mwenzenu atarudi akiwa na mshono kutoka pembe ya jicho mpaka taya. Mke wake anamjua, watoto wanamjua. Kambi ndiyo itakayoamua kama atatoka nje au atajifungia. Kapita, mpokee kazini mbele ya wote na umwite kwa jina lake. Kina mama, msimwambie binti kwamba bahati yake imekwisha. Na mtu mwenye ualbino msimwite kwa majina ya dharau. Mkimcheka mmoja aliyeponywa, 5 wengine wataficha vidonda vyao, na hao ndio tutakaowazika.

SHIKENI HAYA

1. Kidonda cha uso kisichopona kwa wiki 4 kionyeshwe kituo cha afya. Usitie majivu, unga wa betri wala dawa ya kuunguza.

2. Mwenye ualbino avae kofia pana na mikono mirefu tangu utoto, akae kivulini saa za jua kali, kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 10 mchana. Akipata mafuta ya kukinga jua ayapake, lakini kofia isiachwe.

3. Kovu la moto lililopasuka lisidharauliwe, hata kama limelala miaka 30.

4. Muulize daktari maswali manne: utakata kiasi gani, nyama itakwenda maabara gani, utaziba kwa ngozi ya wapi, na nirudi lini?

5. Nyuzi za uso hutolewa mapema, mara nyingi kati ya siku ya 5 na ya 7. Usizitoe mwenyewe, wala usizipitishie siku.

6. Usivute tumbako. Usikose tarehe ya kurudi, hata kama unajiona mzima.

Ndugu msomaji, wazee wetu walikwisha kusema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ukutani, ufa unauona. Usoni unaufunika kwa kitambaa. Basi leo jioni, kabla jua halijazama, kitoe kile kitambaa, shika kioo, na kama kipo kidonda, kesho asubuhi uwe wa kwanza kwenye msitari wa kituo cha afya.